Yuè ni Mwezi: Mbona Nasema Tujifunze Kichina kwa Ngoma

Kila nikiweka klipu nikiimba Kichina, kabla hata mtu hajauliza wimbo ni gani, swali linafika: "Na hiyo itakupatia kazi?" Wengine wanaongeza la pili: "Kwani uliacha chuo ukaenda kuimbia Wachina?" Niliacha chuo mwaka wa pili juu karo ilikataa, hiyo stori mnaijua na sirudii. Leo wacha nijibu lile swali la kwanza, maana naona linatuharibia kitu.

Msimamo wangu ni huu. Kichina tumeuziwa kama cheti. Kisome, utapata kazi kwa barabara, utapata skolashipu, utaenda Guangzhou kununua bidhaa bila kupitia kwa broka. Inaweza kuwa kweli yote. Lakini mtu anayeshika lugha kwa ajili ya cheti peke yake huiachilia siku cheti kikichelewa, na nimeona wengi mtaani wakiiachilia. Mimi nasema anza na ngoma. Ngoma zitakubakisha hapo hata kama hakuna anayekulipa, na polepole zitakupa sikio. Sikio ndilo tunakosa huku Eastlands, mahali Mchina yuko kila kona na hakuna anayesikia anachosema.

Angalia tu. Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilijengwa na China Road and Bridge Corporation na ikafunguliwa 2022, inapita hapo pembeni mwetu. Tecno, Infinix na itel ni za kampuni moja ya Shenzhen, na nikiingia mathree ya Kayole naona moja ya hizo kwa karibu kila mkono. Madaraka Express inakimbia tangu 2017. Taasisi ya Confucius pale Chuo Kikuu cha Nairobi ilifunguliwa 2005, ya kwanza Afrika nzima. Mwaka uliofuata redio ya kimataifa ya China ikafungua hapa Nairobi stesheni yake ya kwanza ya FM nje ya nchi yao, 91.9, ikitangaza hadi kwa Kiswahili. Na Januari 2019 KICD wakatangaza kwamba watoto wa gredi ya nne wataweza kusoma Mandarin kuanzia 2020.

Sasa nenda Umoja Inner Core, simamisha kijana yeyote, mwambie akutajie mwimbaji mmoja wa Kichina. Mmoja tu. Atakutajia Wakorea kumi bila kupumua, na majina yao ya utani, na siku zao za kuzaliwa. Korea ilitufikia na ngoma na tamthilia. China ilitufikia na tingatinga. Ndio maana Kikorea watu wanajifunza kwa mapenzi, halafu Kichina kinasomwa kama hesabu.

Mwimbaji wangu wa kwanza alikuwa Teresa Teng. Msicheke, najua ni wa kitambo. Alizaliwa Taiwan 1953 na akafa Thailand 1995, akiwa na miaka 42, pumu ilimshika hotelini. Huyu dada aliimba taratibu, kila neno limekaa peke yake kama nguo kwa kamba, ndiyo sababu wanaoanza wanampenda. Na historia yake ni moto. Miaka ya themanini mwanzoni, serikali ya China bara ilizikataa nyimbo zake, ikaona zinalegeza watu. Watu wakazipitisha kwa kaseti, wakanakiliana usiku. Jina lake la ukoo ni Deng, sawa na la kiongozi wa nchi wakati huo, Deng Xiaoping, kwa hivyo wakawa wanataniana kwamba mchana ni wa Deng mkubwa na usiku ni wa Deng mdogo. Alikufa bila kuwahi kufanya shoo hata moja China bara. Hiyo China ya watu kuficha kaseti chini ya mto, huku mtaani hakuna aliyewahi kutuambia iko.

Wimbo wake mkubwa kabisa, aliorekodi 1977, jina lake maana yake ni kwamba mwezi unawakilisha moyo wangu. Mwezi ule wa angani wanauita yuèliang. Hiyo yuè niliiskia mara mia nikiosha vyombo, hadi siwezi kuipoteza hata ukiniamsha saa tisa usiku.

Shikilia hilo neno.

Mathe ana kibanda cha chakula, na kuna wakati alikuwa anauzia vijana wa mjengo fulani wa Wachina. Sitataja kampuni wala mahali. Vijana walikuwa wanakula kwa daftari: unaandikwa, unalipa siku ya malipo. Wiki mbili zikapita, malipo hakuna. Siku moja wakamzunguka msimamizi hapo hapo karibu na kibanda, wakauliza pesa iko wapi. Msimamizi akaongea kama dakika nzima, mkono unapaa, unashuka. Mkalimani, kijana wetu tu, akageuka akasema: "Anasema mvumilie, ni hivi karibuni."

Dakika nzima, watu wangu, ikawa maneno matano.

Mimi kwa ile dakika niliskia vipande tu. Sikuwa najua mengi. Lakini kuna kipande kilirudiwa mara mbili: xià ge yuè. Yuè. Kwa Kichina neno la mwezi wa angani ndilo pia neno la mwezi wa kalenda, sawa kabisa na sisi. Sisi tunasema mwezi umetoka na tunasema mshahara wa mwisho wa mwezi, wao vilevile. Xià ge yuè ni mwezi ujao. Nikamwambia binamu yangu, ambaye alikuwa mmoja wao: huyu hajasema hivi karibuni, amesema mwezi ujao. Binamu akamtazama mkalimani, mkalimani akaangalia viatu.

Simlaumu yule mkalimani. Ukisimama katikati ya watu ishirini wenye njaa na mtu mmoja mwenye kazi yako mfukoni, hata wewe utachagua neno laini. Lakini kwa mathe tofauti ya "karibuni" na "mwezi ujao" ni unga, mafuta na kodi ya kibanda. Jioni hiyo alihesabu daftari akawaambia ukweli: anaweza kuwakopesha wiki moja zaidi, wiki nne hawezi. Wawili wakaenda kutafuta kibarua kwingine asubuhi iliyofuata. Waliobaki walirudi kwa msimamizi, na safari hii wakauliza tarehe, wakaandikiwa kwa karatasi. Walilipwa mwezi uliofuata, kama alivyosema. Mtu hakuwa amedanganya. Maneno yalipotelea njiani.

Kwa hivyo unaniuliza kama Kichina kitanipatia kazi. Siku hiyo sikulipwa hata bob.

Haya, sasa upande mwingine, juu sitaki mtu akakariri nyimbo tano halafu aende Kamukunji kujigamba. Ngoma zina kitu zinakunyima, nacho ni toni. Mandarin ina toni nne na moja nyepesi isiyo na nguvu. Ukibadilisha toni umebadilisha neno. Mfano wa mtu wa biashara: mǎi, sauti ikishuka chini kisha ipande kidogo, ni kununua. Mài, sauti ikianguka kwa ghafla, ni kuuza. Fikiria uko Eastleigh mbele ya mwenye mzigo na hujui umemwambia gani. Shuìjiào ni kulala, shuǐjiǎo ni yale maandazi madogo ya nyama yanayochemshwa kwa maji. Mtu anaweza kukuuliza unataka kulala mangapi.

Mtu akiimba Mandarin, melodi inazifunika hizo toni. Noti inapanda mahali toni ilifaa kuanguka, na msikilizaji anashika maana kwa sentensi nzima. Ndiyo sababu moja ya maneno kuandikwa chini ya vidio zao, na wenyewe wanayasoma. Jay Chou, staa wa Taiwan aliyetoa albamu ya kwanza 2000, anajulikana kwa kuimba kama ana ugali mdomoni, na mamilioni ya Wachina wanampenda hivyo hivyo. Mimi nampenda pia, lakini huwezi kujifunza kuongea kutoka kwake.

Njia yangu ni hii: nachukua mstari mmoja, nauimba hadi ukae, halafu nauvua ile tuni nauongea kama mtu anayeongea na jirani, nikifuata alama za toni kwa pinyin. Pinyin ni Kichina kilichoandikwa kwa herufi zetu hizi, wamekitumia tangu 1958, kwa hivyo usitishwe na michoro mwanzoni. Narekodi, nasikiza, nalinganisha na sauti ya kamusi kwa simu. Ni boring, sitadanganya. Mstari mmoja unaweza kula siku tatu.

Na hapo kwa toni ndipo nilipata kitu sikutarajia. Tunasema toni ni ngumu juu sisi ni Waafrika. Nani alitudanganya? Kikuyu kina toni. Kikamba kina toni. Kijaluo kina toni, na lugha nyingi za Kiluhya pia. Ni Kiswahili ndicho hakina, chenyewe kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho na kwisha, na Sheng yetu ikafuata hapo. Sisi wa kuzaliwa Buru na Dandora tulipewa mdomo wa Sheng, toni zikabaki ushago na wazee. Cucu yangu yuko Murang'a, hajawahi kuskia Kichina. Nilimrekodi akinisalimia kwa simu, nikaisikiza ile rekodi na sikio la mazoezi ya Mandarin, na kwa mara ya kwanza nikaskia sauti yake inavyopanda na kushuka ndani ya neno moja. Miaka yote hiyo nilidhani anaimba-imba tu juu ni mzee. Sasa kila Jumapili nampigia, ananifundisha kusema neno hadi anyamaze kucheka. Bado anacheka.

Kuna wale watasema: hawa watu tunadaiwa nao, na wewe unataka tuwaimbie. Deni liko, siwezi kulikana. Lakini kujua lugha ya mtu anayekudai hakukufanyi mpenzi wake. Kinyume chake, ni nani mwenye hasara kwenye meza ambapo upande mmoja unaelewa Kiingereza kidogo, unasikia "sawa" na "haraka" za Kiswahili, na upande wa pili haujui hata kuhesabu hadi kumi kwa lugha ya mwenzake? Tena China ya serikali si China ya ngoma. Cui Jian, mpiga tarumbeta wa okestra ya Beijing, alisimama jukwaani 1986 akaimba wimbo ambao jina lake maana yake ni kutokuwa na chochote, na miaka mitatu baadaye wanafunzi waliojaa Tiananmen walikuwa wakiuimba. Kijana wa Pipeline anayelala chumba kimoja na ndugu wanne haitaji kuelezewa huo wimbo unasema nini.

Kwa hivyo kama unaanza, anza na Teresa Teng hata kama marafiki watakucheka, juu yeye atakusubiri. Usianze na rap. Ukishatoka hapo, kuna Higher Brothers, vijana wa Chengdu waliovuma 2017. Wanarap kwa lahaja ya Sichuan, ile ya nyumbani kwao, na Mchina wa Beijing anaweza kukaa hapo asishike mistari. Ukiwaskia utamkumbuka Kalamashaka wa Dandora na jinsi mtu wa Lamu alivyokuwa akiuliza hii ni Kiswahili gani. Mimi niko kwa ubeti mmoja wao wiki ya tatu sasa. Nilimpelekea mwalimu mmoja wa Mandarin hapa Nairobi anisaidie, akasikiza mara mbili, akavua miwani, akaniambia niwatafute wenyewe Chengdu.