Majitaka ya Kariakoo hayajui mpaka wa manispaa, nani alipe?

MASIKA yanapoanza, mfanyabiashara wa Kariakoo huwa na macho mawili: moja kwenye mzigo uliopangwa chini, jingine kwenye chemba iliyo mbele ya duka. Chemba ikifurika, wateja hupita mbali, mama lishe huzima jiko na mali huharibika. Hasara hiyo haionekani katika bajeti ya halmashauri yoyote.

Mara nyingi lawama huangushiwa uchafu wa watu. Lakini mitaa ya Kariakoo ilipimwa kwa ajili ya nyumba za chini za vyumba vichache. Tangu miaka ya 1990 nyumba hizo zimekuwa zikibomolewa kupisha maghorofa yenye maduka, maghala na wapangaji wengi. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, wakati bomba la majitaka ni la DAWASA. Mmoja huongeza mzigo, mwingine huubeba.

Nje ya katikati ya jiji hali ni ngumu zaidi. Katika mkoa uliohesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022, ni sehemu ndogo tu ya wakazi waliounganishwa na mabomba. Wengi hutegemea mashimo na magari ya kunyonya, ambayo humwaga kwenye mabwawa kama ya Vingunguti. Asiyemudu gari husubiri mvua akatapisha choo.

Uchafu huo huishia Mto Msimbazi, unaotoka vilima vya Pugu, ukapita katika halmashauri zaidi ya moja hadi Jangwani na baharini karibu na Daraja la Salenda. Mkulima wa mchicha na matembele bondeni humwagilia maji hayo hayo. Mlaji akishaingiwa na shaka, hata mboga iliyolimwa kwa maji safi hukosa bei sokoni. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa hadi mikoa mingine mingi, na ugonjwa huo unapoingia, muuza chakula ndiye wa kwanza kufungiwa.

Swali la nani aratibu limekuwa gumu zaidi. Hadi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ilikuwa juu ya manispaa zote. Ilipovunjwa, Ilala ikapandishwa kuwa Jiji, na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikabaki na mabaraza na bajeti zao. Chombo pekee kinachovuka mipaka kwa upande wa majitaka ni DAWASA, ambayo tangu 2018 imeunganishwa na iliyokuwa DAWASCO na inahudumia pia sehemu za Mkoa wa Pwani.

Mipango ya mitambo mikubwa, kama wa Jangwani na wa Mbezi Beach, imetegemea mikopo ya nje. Mkopo hujenga mtambo na bomba kuu. Bomba la kutoka choo cha mpangaji hadi bomba kuu, na kituo cha kupokea magari ya kunyonya, vinahitaji fedha za hapa hapa.

Hapo ndipo halmashauri zinapotakiwa kuchangia. Sheria tayari inazitaka kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fungu la pamoja la majitaka lingeweza kufuata njia hiyo, kila halmashauri ikitoa kwa kadiri ya watu wake na maghorofa inayoyaruhusu. Fedha zitoke katika leseni na ushuru unaokusanywa tayari, si tozo mpya kwa mwenye meza ya nyanya.

Faida haiishii mjini. Mjini Moshi, majitaka yaliyopita kwenye mabwawa ya kusafishia yamekuwa yakitumika katika mashamba ya mpunga ya Mabogini. Kinachomwagwa leo Msimbazi kwa hasara kinaweza kuwa maji ya shamba, kikisafishwa na kupimwa kwanza.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini madiwani hupitisha bajeti miezi kadhaa kabla. Bei za DAWASA nazo hupitia EWURA, ambayo huita wananchi kutoa maoni. Mfanyabiashara na mkulima wanaosubiri chemba ifurike ndipo walalamike huwa wamechelewa. Hesabu hizo hupangwa wakati wa kiangazi, mitaa ikiwa mikavu.