Breki za Naivasha, matuta ya Bunju

Jioni ya siku ya mechi, mashabiki wakishatoka KMC Complex pale Mwenge, Barabara ya Bagamoyo huwa na mlio wake. Impreza, Forester za turbo, Altezza, Mark X zilizoshushwa hadi zinakwaruza tuta. Wapo wanaorudi kwao Tegeta na Boko, wapo wanaokwenda zao Bagamoyo kula samaki na kurudi usiku. Timu ikishinda mguu unakuwa mzito. Ikifungwa, mguu unakuwa mzito zaidi.

Siku hizi mazungumzo ya wenye ndinga hizo yamehama. Zamani ilikuwa ekzosi na rimu, sasa ni breki. Kalipa nyekundu inayoonekana nyuma ya rimu, diski yenye matundu, pedi zilizoandikwa jina la kampuni ya mashindano. Ukienda kwa wauza spea wa Kariakoo au Ilala, sifa ya bidhaa ni moja tu: "Hii ya rali, bosi, inashika balaa."

Kijana anayewaza breki kabla ya kuongeza turbo ana akili kuliko wenzake wengi, hilo lisemwe mapema. Tatizo ni namna anavyochagua. Anachagua kama klabu inayosajili straika kwa kuangalia video: mabao mazuri, hakuna aliyeuliza yalifungwa ligi gani.

Rali yenyewe haisemi anachosema muuzaji. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake Naivasha, Kenya. Magari ya daraja la juu yakiwa kwenye njia za vumbi kama zile hufunga rimu za inchi 15, kwa sababu tairi linahitaji nyama ya kutosha pembeni ili lihimili mawe. Ndani ya rimu hiyo diski ya mbele ni ya milimita 300. Magari hayohayo yakienda kukimbia kwenye lami hufungwa rimu za inchi 18 na diski za milimita 370. Sasa Impreza WRX STI inayotoka kiwandani na Brembo ina diski za mbele za milimita 326. Yaani gari la mtaani lililopaki Mapinga lina diski kubwa kuliko zile zinazoshindana Naivasha! Mafundi wa mashindano hawafungi diski kubwa, wanafunga diski ya kazi iliyopo.

Na kazi iliyopo kati ya Tegeta na Bagamoyo inaeleweka ukiipima kwa uwanja wa mpira. Uwanja una mita 105. Gari likiwa kwenye spidi 50, ambayo ndiyo ruhusa maeneo ya makazi, na dereva akachukua sekunde moja kushtuka na kukanyaga, kwenye lami kavu litasimama baada ya mita kama 28. Kama lilianzia golini, halijafika hata mstari wa kati. Spidi 120, gari lilelile na breki zilezile, litapita mita 33 kabla mguu haujagusa pedali, kisha mita 80 hivi za kufunga breki. Limeshatoka uwanjani upande wa pili na limeingia kwa wapiga picha. Mwanafunzi anayevuka barabara pale Bunju yuko katikati ya mita hizo.

Hapo ndipo wengi wanajidanganya. Diski kubwa haifupishi sana mita hizo kwa kusimama mara moja. Kama ukikanyaga kwa nguvu ABS inaanza kugonga mguu, maana yake breki zimeshamaliza kazi yake na kilichobaki ni tairi. Tairi la mtumba lililokauka halitashika lami hata ukilifungia Brembo mbili. Faida ya diski nene na kubwa ni kustahimili joto: kusimama mara ya kumi kama ulivyosimama mara ya kwanza. Anayevuta turbo kati ya tuta na tuta, anafunga breki, anavuta tena, huyo ndiye anayezichemsha. Pedali inaanza kuwa ndefu, harufu ya kuungua inaingia ndani, naye anaongeza sauti ya redio.

Matundu kwenye diski yalikuwa na maana enzi ambazo pedi zikipata moto zilitoa gesi nyingi. Kwa diski ya bei poa, kila tundu ni mahali pa ufa kuanzia. Iliyo sawa bila matundu, yenye njia za hewa katikati, inatosha kwa karibu kila gari la barabara hii. Yenye mistari inakubalika, ila inakula pedi haraka. Kitu cha kuangalia ni unene. Diski nyingi zimeandikwa ukingoni au kwenye kofia yake unene wa mwisho unaoruhusiwa, kwa milimita. Fundi anayesema atakuchongea diski iliyopinda ipungue kidogo aulizwe kwanza inabaki milimita ngapi. Ikishuka chini ya namba ile, ni chuma chakavu.

Kwenye pedi ndiko pesa inapotupwa zaidi. Pedi halisi za mashindano zimetengenezwa zishike zikiwa za moto. Mfano wa mbali ni breki za kaboni za Formula 1: zinafanya kazi vizuri kwenye nyuzi joto mamia kadhaa, zikiwa baridi zinateleza. Pedi ya rali si kali kiasi hicho, lakini tabia ni ileile. Asubuhi unatoka Kerege, kilomita moja tu na bodaboda anakatiza mbele yako, pedi bado imelala. Ni beki mzuri anayeanza kucheza dakika ya 20, wakati timu imeshafungwa mawili.

Kwa hiyo geuza pedi usome mgongoni na ukingoni. Nyingi zinazofuata utaratibu wa Marekani zina herufi mbili: ya kwanza ni ushikaji wa kawaida, ya pili ni ikiwa ya moto. E ni ya chini, F inatosha, G iko juu. FF ni chaguo salama kwa matumizi ya kila siku. EF si kosa, EE kwenye gari la turbo ni kujitafutia matatizo. Za Ulaya zina alama ya E ndani ya duara na namba ya R90. Boksi zuri lenye pedi isiyo na alama yoyote linajieleza lenyewe.

Halafu kuna bahari, ambayo wauzaji hawaitaji kabisa. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa, na Bagamoyo unyevu haupungui. DOT 4 mpya lazima ivumilie angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka, ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 155. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu, na pedali inazama hadi chini huku diski na pedi zote zikiwa mpya. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni gharama ndogo kuliko kalipa moja nyekundu. Kutu nyepesi ya diski baada ya gari kulala siku tatu ufukweni inafutika kwa breki chache, lakini pini za kalipa zilizoganda kwa chumvi hazijirekebishi, na ndizo zinazofanya pedi moja iishe wakati mwenzake bado nene.

Anayetaka Brembo ya STI kwenye WRX ya kawaida apime kwanza. Rimu ya inchi 16 haiifuniki, inahitajika 17. STI za kuanzia 2005 nafasi ya nati ni 114.3, za kabla yake 100, na wapo waliolipa Kariakoo ndipo wakagundua hilo kwa fundi.

Vikishafungwa, pande zote mbili kwa pamoja, vinahitaji kuzoeshwana: kutoka spidi 60 hadi 20, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, kisha kuendesha taratibu vipoe. Barabara ya kuelekea Msata, alfajiri, ina nafasi hiyo. Bunju saa moja asubuhi haina.