Tunamcheka Nani?

Wako watu wasemao kwamba wivu ni chumvi ya mapendo. Sisi hatukubali. Tazameni manga, vitabu vya picha vya Wajapani, hasa vile vya kuchekesha juu ya wapenzi. Katika Urusei Yatsura, ambacho Bibi Rumiko Takahashi alianza kukitoa mwaka 1978, msichana Lum humpiga Ataru kwa umeme kila Ataru awafuatapo wasichana wengine. Tunacheka, na haidhuru: Lum ametoka katika nyota nyingine, naye Ataru huinuka tena mara moja.

Lakini Bibi huyohuyo aliandika Maison Ikkoku, toka 1980 hata 1987, na humo watu ni watu kweli. Kijana Godai ampenda Kyoko, mjane aangaliaye nyumba ya wapangaji anamokaa. Kyoko hamkubali wala hamkatai; walakini akimwona pamoja na msichana Kozue, hununa. Wasomaji hufurahi: “Kumbe, ampenda!”

Na Kozue je? Yeye naye ampenda Godai, na miaka yapita bila Godai kumwambia wazi kwamba moyo wake uko kwingine. Eti ni upole, asimwumize. Upole gani huo? Sisi twauita woga. Wivu wa Kyoko waonekana usoni, mtu aweza kuukimbia. Kimya cha Godai chamla asiyejua kitu.

Mwishowe Kozue aposwa na mwingine, na wengi husema: basi, kila mtu amepata wake. Sisi tulipofunga kitabu tulikuwa tungali tukimfikiri Kozue.