STAA ANAUZA 'KINGA' MITANDAONI, ALIPOUGUA AKAKIMBILIA DRIPU! SHANGAZI YAKE LUSEWA AKABAKI NA SACHETI

MJINI kuna mambo! Kuna staa mmoja wa kike, jina kapuni, ambaye kila asubuhi huingia laivu na kikombe mkononi. Anakoroga unga wa kijani, anapiga funda, anaachia tabasamu, halafu anatoa ile kauli ambayo mashabiki wameshaikariri kama kiitikio: "Ukiwa na kinga kali, hospitali utaisikia kwenye bomba." Boksi la sacheti 30 ni shilingi 45,000. Mikoani linatumwa kwa basi.

Sasa huyu staa kwao ni Lusewa, Ruvuma, huko Namtumbo, enzi hizo ikihesabiwa Songea. Krismasi alikwenda nyumbani, akapiga picha na bibi, akala ugali, akalala siku sita bila chandarua kwa sababu eti kinamharibia nywele. Alipoondoka alimwachia shangazi yake zawadi: boksi moja la ile "kinga".

Wiki ya pili ya Januari, mjukuu wa shangazi, mtoto wa miaka 3, akapata homa. Shangazi hakupata shida ya kufikiri. Mtoto wa kaka yake anajulikana nchi nzima, atamdanganya kweli? Akakoroga sacheti asubuhi na jioni. Homa ikashuka kidogo, nyumba nzima ikashangilia. Ikapanda tena. Sacheti nyingine. Usiku wa tatu mtoto akashikwa na degedege. Jirani akawasha bodaboda, wakakimbia naye gizani mpaka kituo cha afya. Kidole kikatobolewa, kipimo kikasoma malaria. Akachomwa sindano ya artesuneti. Amepona, mshukuruni Mungu na yule jirani mwenye pikipiki.

Utamu wa stori uko hapa. Wiki hiyohiyo, staa mwenyewe kule Dar alipata homa. Unadhani alikoroga kikombe? Wapi! Alikimbizwa hospitali binafsi, akapimwa damu, akakutwa na malaria, akatundikiwa dripu. Picha akaposti: "Niombeeni." Komenti za ugua pole zikafurika. Siku nne baadaye alirudi laivu, kikombe kilekile, kauli ileile. Kuhusu kipimo na dawa aliyotumia, kimya!

Wapo watakaosema ni wivu wa watu kwa biashara ya mwenzao. Haya, wivu uwekwe pembeni, tuongelee hiyo kinga yenyewe.

KINGA SI CHAJI YA SIMU

Matangazo yote ya aina hii yanaimba wimbo mmoja: kinga yako imeshuka, nunua hiki ipande. Kama vile mwilini kuna betri. Hakuna kitu kama hicho.

Kinga anayozaliwa nayo kila mtu inaanza na ngozi, makamasi na tindikali ya tumboni. Mdudu akipenya hapo anakutana na chembe nyeupe zinazomeza wavamizi. Chembe hizi hazimjui mdudu kwa jina. Zinafanya kama mabaunsa wa mlangoni: zina vipokezi vinavyotambua alama ambazo wadudu wanazo na mwili hauna, mfano vipande vya ganda la bakteria. Bruce Beutler na Jules Hoffmann walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2011 kwa kugundua jinsi kinga hii inavyoamshwa, mmoja akichunguza panya, mwingine inzi wadogo wa matunda.

Kipokezi kikiguswa, chembe inatoa kemikali za kuita wenzake. Mishipa inalegea, damu inamiminika, sehemu inavimba. Ujumbe ukifika kwenye ubongo, ubongo unapandisha joto la mwili. Hiyo ndiyo homa. Kwa hiyo mtoto mwenye homa hana kinga iliyolala. Kinga yake imeshaamka na inapiga kelele. Kumwambia mama yake aiamshe kwa sacheti ni sawa na kumwuzia kengele mtu ambaye kengele yake inalia usiku kucha. Anachotakiwa kujua ni kwa nini inalia.

MALARIA HAIOGOPI KIKOMBE

Mbu wa malaria akiuma, vimelea vinakimbilia kwenye ini na kujificha humo kama wiki nzima, mtu anacheza na kula vizuri. Vikitoka vinaingia kwenye chembe nyekundu za damu, vinazaana, vinazipasua kwa pamoja. Takataka zinazomwagika ndizo zinazowashtua mabaunsa, na homa inapanda. Baadaye inashuka yenyewe, wakati vimelea vingine vimeshaingia kwenye chembe mpya kujiandaa kwa awamu nyingine.

Hapo ndipo wauzaji wanapopatia ushuhuda. Homa ya malaria inapanda na kushuka bila kumuuliza mtu. Ukinywa chochote, hata maji ya kunde, kuna saa itashuka. "Mbona mimi nilitumia nikapona?" Labda ilikuwa mafua, ambayo huisha yenyewe. Labda homa ilikuwa imepumzika tu. Bila kipimo hakuna anayejua. Na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba malaria ya aina ya falsiparamu, iliyo nyingi zaidi Afrika, isipotibiwa inaweza kuwa kali na kuua ndani ya saa 24. Mtoto wa Lusewa alikaa siku tatu!

Swali lingine: mbona yule shangazi mwenyewe hakuugua, na staa akaugua? Wenye sacheti watasema shangazi alikunywa. Kumbe watu wazima wanaoishi kwenye malaria miaka na miaka hujenga kinga ya kujifunza baada ya kuambukizwa mara nyingi. Haiwazuii kabisa kuugua, ila inapunguza makali. Mtoto mdogo bado hajaipata. Na ukihamia mjini miaka mingi, kinga hiyo inafifia. Staa ametoka Lusewa siku nyingi. Mbu wa Krismasi walimpokea kama mgeni.

KINGA KALI NAYO INAUA

Hili ndilo hawalisemi kabisa. Kinga ikiwaka kupita kiasi ni hatari. Kwenye maambukizi makali ya damu, zile kemikali zikimwagika ovyo, presha inaanguka na viungo vinagoma. Kuna magonjwa ambayo kinga inashambulia mwili wake wenyewe, na madaktari hutoa dawa za kuipunguza. Kwa hiyo anayekuahidi "kinga kali" bila kusema kali kiasi gani, dhidi ya nini na kwa muda gani, hajui anachouza. Au anajua na hajali.

Kuamsha kinga kitaalamu kunawezekana, ila tazama jinsi inavyofanyika. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa zaidi ya watoto 15,000 katika nchi 7 za Afrika, na hapa kwetu ilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Ndani yake kuna kiamsha-kinga kilichotokana na ganda la bakteria, kinachogusa kipokezi kilekile alichokifanyia kazi Beutler. Kipimo chake kwa mtoto ni mikrogramu 25, yaani sehemu 25 za milioni ya gramu. Watoto walifuatiliwa kwa miaka kabla Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza Oktoba 2021, na hata hivyo hakuna aliyesema inazuia kila malaria. Linganisha na "kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, mungu wangu utanishukuru".

Na asitokee mtu akasema hapa dawa za asili zinatukanwa. Ile artesuneti iliyomwokoa mtoto asili yake ni mmea, na mwanasayansi wa China Tu Youyou alipata Nobel mwaka 2015 kwa kuutoa dawa. Tofauti ni kwamba ulipimwa. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, ina baraza lake, na TMDA ipo kwa ajili ya dawa. Mwenye unga wa kweli aupeleke huko.

Mastaa wana haki ya kutafuta hela. Wauze wigi, wauze manukato, wauze hata tiketi za bethdei zao. Lakini anayesema "hospitali utaisikia kwenye bomba" aseme na hili: yeye alipougua alikwenda wapi, alipimwa nini na alipona kwa dawa gani. Sentensi tatu tu, laivu, mbele ya kikombe chake. Akishindwa, basi hata yeye haamini anachouza.

Shangazi amebakiwa na sacheti 24. Inasemekana hajazitupa, maana ni zawadi ya mtoto wa kaka. Amezifungia kabatini na hajampigia simu ya kulalamika. Anasubiri mwanawe ampigie mwenyewe amuulize mjukuu anaendeleaje. Mpaka sasa simu haijaita.

Wadau, homa ikiingia nyumbani mtoto anapelekwa kupimwa leoleo. Je, huyu staa anadaiwa maelezo au aachwe na biashara yake? Dondosha komenti yako hapo chini.