Jino Lililong'oka Lirudishwe, Lisizikwe



Hivi karibuni tulikwenda Machakos kuhudhuria arusi ya jamaa zetu wa pwani waliohamia huko. Baada ya Maghribi, watoto wakicheza, mmoja wao mwenye umri wa miaka 9 aliteleza ngazini, na jino lake la mbele likatoka zima pamoja na mzizi. Mamake alitaka kulirudisha. Nyanya wa mtoto akamkataza: "Kilichokatika kwa aliye hai ni maiti. Kitie mdomoni, na sala yake itakuwaje?" Jino likafungwa kitambaani lingojee kuzikwa. Nasi tulikuwa msikitini, tukisomesha hadi Isha. Tuliporejea lilikuwa limekwisha kukauka, na asubuhi daktari wa meno alisema muda umepita.

Hatumlaumu nyanya, kwani neno lake lina asili katika vitabu vya wanazuoni. Lakini Imamu Nawawi amebainisha kuwa kauli iliyo sahihi katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba kiungo cha mwanadamu kilichotengana naye ni twahara. Basi jino likirudishwa mahali pake, si najisi, na sala ni sahihi. Mas'ala haya tuliyasoma ujanani, wala hatukuwahi kuyasomesha majumbani mwetu. Kosa hilo ni letu.

Basi mama afanye nini? Alishike jino upande wa kutafunia, asiguse mzizi. Likiwa na mchanga, alisuuze kwa maziwa au maji safi kwa sekunde chache, bila kulisugua. Kisha alirudishe tunduni, uso wake ukielekea mbele, na mtoto aume kitambaa safi. Akishindwa, alitie katika kikombe cha maziwa baridi. Yasipopatikana, mtoto atemee mate chomboni, jino litiwe humo. Lisifungwe kitambaani wala kulowekwa majini. Halafu waende hospitali papo hapo: tumaini kubwa limo katika nusu saa ya kwanza, na jino likikaa kavu zaidi ya saa moja, tumaini hilo hupungua mno.

Hayo ni ya meno ya ukubwani, ambayo huanza kuota mtoto akikaribia miaka 6. Jino la utotoni halirudishwi, lisije likadhuru lile linaloota chini yake.

Na mtoto akizimia au kutapika baada ya kuanguka, kichwa kitangulie jino: apelekwe hospitali bila kungoja. Kadhalika mwenye jino bovu akivimba shavu pamoja na homa, au akashindwa kumeza au kupumua, asingojee asubuhi. Karafuu hutuliza maumivu, haiondoi usaha. Na aspirini isiwekwe juu ya ufizi, kwani huuchoma.

Kina mama, wasomeeni haya nyanya na mashangazi. Mtoto akianguka, huenda wao ndio watakaokuwa karibu naye, nasi tuko msikitini.

Wabillahi tawfiq.