Jicho la Upepo

KIBARAZANI na Zuhura Makame

Fundi alipokuja kupima madirisha ya nyumba tunayojenga Tanga, aliniuliza: "Mama, tuweke vioo vya kusukuma au vya kudumu?" Nikamuuliza hewa itapitaje. "Vya kusukuma hufunguka nusu. Vya kudumu havifunguki, utaweka kiyoyozi."

Usiku ule nililiwaza neno "window". Waingereza walilipata kwa watu wa Skandinavia, walioanza kuhamia kwao katika karne ya 9. Wenyewe walisema "vindauga": "vind" ni upepo, "auga" ni jicho. Jicho la upepo! Nyumba zao ndefu hazikuwa na vioo. Moto uliwaka katikati ya nyumba, na tundu ndilo lililotoa moshi na kuingiza hewa. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na neno lao, "eagthyrl", yaani tundu la jicho. "Thyrl" hiyo ndiyo iliyobaki mkiani mwa "nostril", nasi twasema vilevile: tundu la pua. Kifaransa nacho kiliwaletea "fenester", likatumika karne kadhaa kisha likafa. Wajerumani wanalo mpaka leo, "Fenster". Kiingereza kilishika upepo.

Dirisha letu limetoka Uajemi, kwenye "daricha", mlango mdogo. Na mlango kazi yake ni kufunguka. Bibi yangu kule Pangani alikuwa na madirisha ya mbao za mvule, kila moja na vilango viwili. Jua likipanda alifunga ya upande wa jua. Alasiri, upepo wa bahari ukianza, alifungua yote, pazia likatuna kama tanga la ngalawa, nasi watoto tukalala sakafuni pasipo feni.

Siku hizi tunajenga kuta za vioo katika nchi ya joto, kisha tunanunua umeme ili tupate kile ambacho upepo ulikuwa unatuletea bure. Nimemwambia fundi aweke madirisha ya bawaba, yenye wavu wa mbu, yanayofunguka yote. Bei imepanda, nimekubali.

Nawe unayejenga, kabla hujalipia kioo, simama katikati ya chumba uulize: upepo utaingilia wapi, na utatokea wapi? Dirisha moja halitoshi. Upepo usioona pa kutokea hauingii.