Fidia Imelipwa, Nani Alituuliza?

Kila tukikaa Nsambya au Katwe na kuongelea Kongo, lazima mtu atasema: "Lakini saa hii Uganda na Kongo ni marafiki." Sawa. Tangu tarehe 30 Novemba 2021 majeshi yao yako pamoja porini, Kivu ya Kaskazini na Ituri, wanawasaka ADF. Operesheni wameiita Shujaa. Hatupingi. ADF wameua watu wetu, na hata hapa Kampala mabomu yalilipuka mwezi ule ule.

Ila marafiki hawa wana deni kati yao, na deni lile ni damu ya wazazi wetu. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, ilisema Uganda iliikalia Ituri kijeshi na ikavunja sheria. Kongo ikadai zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 ikapewa milioni 325: 225 kwa watu waliouawa na kuumizwa, 40 za mali, 60 za dhahabu na utajiri mwingine uliobebwa. Awamu tano, milioni 65 kila mwaka. Ya kwanza ililipwa Septemba 2022.

Analipwa nani? Serikali inailipa serikali. Kinshasa imeunda mfuko, FRIVAO, makao yake Kisangani, mji ambao Juni 2000 Uganda na Rwanda walipigania siku sita, mabomu yakiangukia nyumba za wenyeji. Watu wa Kisangani wapewe, tena wamechelewa mno kupewa. Lakini mama aliyekimbia Bunia, ambaye leo anatembeza vitenge juani hapa Kampala, ataenda Kisangani na nauli gani? Na akienda, si ataulizwa kwa nini bado anajiita mkimbizi?

Nyinyi wa mashirika, mnatuita kila mara kwenye semina za amani. Tunakunywa soda, tunasaini, tunarudi nyumbani. Hatujawahi kusikia neno fidia humo hata siku moja! Ofisi ya Waziri Mkuu ina majina yetu, UNHCR ina alama zetu za vidole. Kwa hiyo msituambie eti hatujulikani tuliko. Tunaomba kitu kimoja: madai yapokelewe hapa hapa Kampala, na nyinyi mtusaidie kuyafikisha.

Karatasi nyingi ziliungua pamoja na nyumba. Wazee wanaokumbuka wako hai bado, ila si wote wana nguvu. Tumeanza kuwatembelea Jumapili baada ya ibada, tunaandika jina, kijiji, mwaka, nani alikufa. Daftari la kwanza limejaa. Tunatafuta la pili, na mtu anayejua kuandika Kifaransa cha mahakamani.